Likumbi la Mwanahawa

Mwanahawa binti Jafari ameolewa mara tatu, mbili kati ya hizo na mwanamume yule yule, na bado anasema hajajifunza kitu. Hivyo ndivyo anavyojitambulisha kwa wazazi wanaomletea watoto. Mwenye kuudhika amchukue mwanawe aende zake. Mwenye kucheka anabaki, na mtoto wake atalelewa vizuri kuliko anavyolelewa kwao. Chekechea yake iko uani kwake, Mtwara mjini, kando ya barabara ya kwenda bandarini. Haina kibao. Mgeni akiuliza njia anaambiwa afuate sauti.

Alizaliwa Mikindani, katika nyumba ya mawe iliyokuwa imepoteza nusu ya paa, na watu wakaendelea kuishi chini ya nusu iliyobaki kana kwamba hakuna kilichotokea. Baba yake aliuza pweza wa kukaanga, mama yake aliuza maneno, na binti akarithi biashara ya mama. Ameshapika shuleni, ameshasuka mikeka, ameshauza juisi ya mabibo mpaka ikamchachia na wateja wakaongezeka. Kulea watoto kulimjia tu. Jirani alimwachia mapacha akimbilie sokoni mara moja, akarudi magharibi na kukuta mapacha wamekula, wameoga na wamejifunza matusi mawili mapya. Kesho yake akawaleta tena.

Halafu yakaja malori ya makaa ya mawe. Yalikuwa yakitoka machimboni huko upande wa Songea, yanapita mbele ya ua wake kwenda melini, na yakikuta foleni yanasimama papo hapo, injini zinanguruma, madereva wamevuka barabara kula wali kwa mama lishe. Maturubai yaliyofunika mizigo yalikuwa na matobo kama chandarua cha mgonjwa aliyekata tamaa. Ukianika shuka jeupe asubuhi, mchana unaanua nguo ya msiba. Ukimfuta mtoto pua, leso inatoka na wino. Mwanahawa alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akaambiwa suala hilo linafanyiwa kazi. Akauliza ni kazi gani hiyo isiyotoa hata jasho, na mwenyekiti akakumbuka kwamba ana kikao.

Yote hayo angeyavumilia kwa kutukana, maana kutukana kunampunguzia presha. Lakini kulikuwa na Yasmini.

Yasmini ni mjukuu wake, mtoto wa bintiye Hadija, na ana pumu. Hadija anauza kwenye duka la dawa. Mumewe Thabiti ni mlinzi kule Madimba kwenye mitambo ya gesi, nyumbani anaonekana kwa zamu. Kwa hiyo Yasmini analelewa na bibi yake, na ni mtoto mwenye ulimi kama wa bibi yake, isipokuwa ulimi huo haufiki mwisho wa sentensi. Wenzake wakikimbia uani, yeye anakaa dirishani na pampu yake ya pumu mkononi. "Bibi," anasema, anavuta pumzi. "Na mimi." Anavuta tena. "Nataka nicheze." Kufika hapo kifua kinapiga filimbi, na Mwanahawa anageukia barabarani kumtafuta dereva wa kumalizia hasira.

Siku moja Hadija alitoka kazini akamkuta mwanawe amelala mapajani mwa bibi yake, midomo imegeuka rangi. Pampu iliwasaidia, lakini hofu haikuisha.

"Mama," Hadija alisema, "shule zikifunga nampeleka Newala kwa mama yake Thabiti. Kule juu hakuna lori, hakuna moshi."

"Newala hakuna na bibi."

"Bibi yupo. Mama mkwe ni bibi yake pia."

"Yule anaongea kwa adabu. Mtoto atanyauka."

Hadija hakucheka. Mwanahawa akajua ameshikwa. Mwanamke huyu aliyeachwa mara tatu bila kutoa chozi mbele za watu alikwenda jikoni, akajifanya anakatakata vitunguu, na ndani ya nyumba hiyo siku hiyo hapakuwa na kitunguu hata kimoja.

Kesho yake akaanza kujenga. Wazo lilikuwa moja: kama hewa ya mtaa haifai, watoto wapate kijumba chao cha kuchezea chenye hewa yao. Mchoro wa kwanza aliuchora mchangani kwa kijiti, akautazama, akausifu. Aliazima turubai kwa watu wa shughuli, akalifunga pande zote mpaka chini, akawaingiza watoto. Vumbi halikuingia, hilo ni kweli. Hata hewa nayo haikuingia. Walipotolewa walikuwa wametota na kulegea kama mihogo iliyochemshwa, na mmoja aliomba kurudishwa kwao akiwa bado ana akili zake.

Jibu alilipata akiwa uchi. Bafu la Mwanahawa ni la makuti, la kienyeji, lisilo na mlango: unaingia kwa kuzunguka, kuta mbili zinapishana ili mpita njia asione kitu. Alikuwa amejipaka sabuni mwili mzima, lori likapita, na akaona taulo lake jeupe lililotundikwa mle tangu juzi. Lilikuwa jeupe bado. Nje, kwenye kamba, taulo lingine lilikuwa kama dekio la gereji. Alisimama mle na povu lake akilitazama lile taulo. Upepo ulikuwa unaingia, anausikia mgongoni, lakini ukifika kwenye kona ile unajikwaa na kutua mzigo wake. Alitoka bafuni akiwa na povu masikioni akampigia simu Arsenio.

Arsenio ni shemeji yake, mgane wa dada yake Mwaisha, Mmakonde ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma wakati wa vita vya Msumbiji na kukaa Kilambo. Alisilimu ili aoe, akapewa jina la Abdalla, nalo analitumia siku za Idi. Ni fundi wa nyua na mapaa ya makuti. Na kwa kuwa ni shemeji, hawajawahi kusalimiana bila kutukanana.

"Nijengee bafu kubwa la watoto wengi," Mwanahawa alimwambia.

"Shemeji, maji ya kuwaogesha yako wapi? Wewe mwenyewe unaoga Ijumaa hadi Ijumaa."

"Si la kuoga, mpumbavu wewe. La kuchezea."

Alimweleza. Kuta ziwe mbili, moja ndani ya nyingine, na katikati zijazwe usumba wa nazi, ambao utamwagiwa maji kila asubuhi ili vumbi linalopenya linase humo. Mlango usiwepo, pawe na njia ya kuzunguka kama bafuni. Upande usiotazama barabara ukuta uwe mwepesi, hewa ipite. Juu paa la makuti. Kona asiweke hata moja, maana kona hukusanya uchafu.

Arsenio alifanya kazi kimya, jambo ambalo lilipaswa kumtia Mwanahawa wasiwasi. Alikata fito, akafunga kamba, mikono yake ikienda yenyewe. Kazi ilipokwisha kilisimama kitu cha mviringo, kirefu kuliko mtu, kizito, chenye mdomo mmoja uliojificha. Arsenio alirudi nyuma kukitazama. Akakuna shingo. Akasema lazima awahi nyumbani, akaacha hata chai.

Mwanahawa aliipima kazi kwa kanzu ya mume wake wa mwisho, kitu pekee ambacho bwana yule alikisahau wakati wa kuondoka. Aliichana vipande viwili kwa furaha kubwa kuliko ilivyohitajika, akatundika kimoja nje na kingine ndani. Baada ya siku chache cha nje kilikuwa na rangi ya sufuria na cha ndani mtu angeweza kukivaa msikitini. Akawatangazia wazazi kwamba Jumatatu watoto wote wataingia, na Yasmini wa kwanza.

Jumatatu wazazi walikuja, wakaingia getini, wakasimama. Aliyetoka kwanza ni Aida, ambaye kwao ni kule kule Kilambo kwa Arsenio, na ambaye alikuwa na watoto wawili chekechea hapo, wa kike na wa kiume. Alimshika binti yake mkono akamvuta mpaka barabarani.

"Mwalimu," alisema kutokea huko huko, ameinamisha uso, "mwanangu wa kike hawezi kuingia likumbi."

Mwanahawa aligeuka kukitazama kijumba chake upya. Ua wa mviringo. Makuti hadi juu. Njia moja ya kuzunguka, mtu asione ndani. Kila mwanamke wa pwani hii, awe wa Mikindani au wa mtoni, amefundishwa tangu mdogo kwamba akiona likumbi porini ageuze njia, kwa sababu mle wamo wavulana wa jando na mambo yao, na mwanamke hana lake humo. Arsenio aliambiwa ajenge kikubwa cha mviringo, na kikubwa cha mviringo alichopata kujenga maishani mwake ni kimoja tu. Mikono ilijua njia hiyo.

Akina mama wa watoto wa kike waliondoka wote. Hadija alikuwepo, alimbeba Yasmini akamrudisha dirishani. Mwanahawa, ambaye haogopi polisi wala mtalaka, alikwenda mpaka kwenye mdomo wa kile kijumba ili awaonyeshe kwamba ni makuti tu. Miguu ikakataa. Alikuwa ameingia na kutoka humo siku kadhaa na vipande vyake vya kanzu, lakini wakati huo hakujua. Sasa anajua, na kujua kulimsimamisha palepale na mdomo wake wote. Alirudi, akaenda kuoga, ingawa haikuwa Ijumaa.

Alimpigia Arsenio.

"Ulijua?"

"Nilijua mwisho, shemeji. Mimi, nangu, nikasema labda hawataona."

"Labda hawataona! Kitu kikubwa kuliko meli!"

Aliyejitolea kumwokoa ni Somoe, shoga yake tangu utotoni, muuza samaki wa kukaanga na kungwi wa kuheshimika. Somoe alisema dawa ni rahisi. Kama wanaume wanadhani nyumba ni yao, wanawake tuiimbie mpaka iwe yetu. Jumanne alasiri akaja na wenzake na ngoma, wakakizunguka kijumba kile wakiimba nyimbo za unyago, zile ambazo mwanamume akizisikia hatamani tena kula. Madereva wa malori waliokuwa ng'ambo waliinua sahani zao wakahamia mbali. Wanawake wakaingia ndani, wakacheza, wakatoka jasho, wakacheka mpaka Somoe akakaa chini. Mwanahawa aliingia nao, na safari hii miguu ilikubali. Usiku alilala kwa amani.

Asubuhi Aida alikuja. Alimwachia binti yake mkono, binti akaenda zake ndani. Kisha akamshika mwanawe wa kiume akamvuta mpaka barabarani.

"Mwalimu, samahani. Mwanangu wa kiume hawezi kuingia kwenye nyumba ya unyago."

Ikawa hivyo kwa wavulana wote. Na wasichana nao, baada ya kuambiwa na mama zao kwamba mle kuna mambo ya wanawake, walikaa ndani wamenyooka kama wako kwenye maulidi, hawachezi, wanasubiri kufundwa. Yasmini alikaa nao muda mfupi, kisha akaomba arudi dirishani, kwa sababu dirishani angalau kuna malori ya kutazama. Hadija alisikia hayo jioni. Akasema tu kwamba shule zinafunga Ijumaa, na kwamba ameshaongea na mama mkwe.

Mwanahawa hakutukana mtu siku hiyo. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni, na Arsenio alipokuja kuomba radhi akamkuta hivyo, jambo lililomtisha kuliko kelele.

"Watamchukua, Arsenio," alisema. Hakumwita shemeji. "Nimewalea wa watu wote, na huyu mmoja wangu wananichukulia."

Arsenio alikaa chini. "Nitalivunja, nikujengee la pembe nne."

"Ulivunje ujenge lini? Ijumaa ni kesho kutwa." Kisha akafikiri. "Hebu niambie. Mvulana wa jando akimaliza, anatokaje mle?"

"Shemeji, hilo siwezi kukwambia. Wewe mwanamke."

"Sawa. Basi niambie asivyotoka."

Arsenio alifikiri kwa uaminifu mkubwa, maana hakuna aliyewahi kumkataza swali hilo. Alipekua kichwani heshima zote, nguo mpya, wazee, nyimbo, na kutoka kwa utaratibu. Halafu bega likaanza kumtikisika.

"Hatoki kwa matako," alisema.

Walitazamana. Mwanahawa alikuwa ameshasimama.

Alhamisi nzima ilikuwa ya misumari. Kwenye uchochoro, upande ule usiotazama barabara, walitoboa ukuta juu karibu na paa. Ndani wakaweka ngazi ya mbao. Nje wakafunga mapipa ya plastiki ya buluu yaliyopasuliwa kati na kuunganishwa, mserereko mrefu wenye tumbo, unaoteremka mpaka kwenye lundo la mchanga. Mdomo wa juu wakautundikia kanga mbili zilizolowa, moja inapishana na nyingine, mtoto apenye na vumbi libaki nje. Kanga zilikuwa za Mwanahawa, mpya kabisa. Arsenio alimuuliza kama ana uhakika, akaambiwa anyamaze apige msumari.

Ijumaa asubuhi, kabla wazazi hawajaondoka, alifika Mzee Zuberi kwenye bodaboda, redio ya mkononi ikipiga kelele mfukoni. Mzee Zuberi ndiye mkubwa wa jando upande huo wa mji, na alikuwa ameletewa habari kwamba kuna mwanamke amejenga likumbi uani kwake, akalichezea unyago. Alikuwa amevimba. Alizima redio ili akasirike vizuri.

"Wewe binti Jafari, nani amekupa ruhusa?"

"Ya nini, mzee wangu?"

"Ya hiki!"

"Karibu uchochoroni," alisema Mwanahawa, na sauti yake ilikuwa ya adabu kiasi cha kuwatia wote shaka.

Walikwenda wote: mzee, mwendesha bodaboda, akina mama, Somoe na beseni lake la samaki, dereva mmoja aliyekuwa akipita na kijiti cha meno. Walisimama wakatazama juu. Kanga zikatikisika. Yakachomoza makalio madogo, yakafuatiwa na mtoto wa kiume wa Aida, ambaye alikuwa ameponyoka mkononi mwa mama yake wakati watu wanabishana, akateremka kinyumenyume huku akipiga ukelele, akatua mchangani na kaptula imeshuka hadi magotini. Nyuma yake akaja dada yake, naye kwa makalio. Wakazunguka nyumba mbio kwenda kuingia tena.

Mzee Zuberi alitazama mtoto wa tatu, na wa nne. Uso wake ulijaribu kushika hasira, ukashindwa, ukajaribu heshima, ukashindwa pia.

"Hii si yetu," alisema mwishowe.

"Wala yetu," alisema Somoe haraka.

"Ni ya nani basi?"

Jibu lilikuwa linateremka lenyewe, mtoto mwingine tena. Mahali ambapo watu hutoka matako mbele, hadharani, mtaa mzima unatazama, haiwezekani pakawa na siri ya mtu yeyote. Mzee aliwasha redio yake, akapanda bodaboda. Aida alimtazama mwanawe anavyopandisha kaptula, akamtazama Mwanahawa, akaenda zake kazini. Wengine nao wakawaachia watoto wao mikono.

Mchana Hadija alikuja na begi la Yasmini. Basi la Newala lilikuwa la saa nane. Hakumkuta mtoto dirishani, akaogopa kama anavyoogopa siku zote asipomkuta mahali pake, akapita jikoni, akapita uani, akasikia kelele uchochoroni akatoka huko. Mama yake alikuwa amesimama chini ya mserereko, mikono kiunoni, uso umeinuliwa. Juu, kati ya kanga mbili zinazodondosha maji, kilikuwa kichwa cha Yasmini.

Alikuwa mle ndani tangu asubuhi. Macho yalimng'aa kwa furaha.

"Panda na wewe!" Yasmini alimpigia bibi yake kelele. "Panda bibi Hawa uone utakavyokwama na hilo tako lako kubwa kama kontena, tutakuvuta na lori utatoka mlango wa bandarini watu watakupakia melini wakidhani wewe ni makaa!"

Hadija alisimama na begi. Alikuwa akisubiri kikohozi. Kwa miaka yote ya mtoto huyu alikuwa hajawahi kusikia sentensi yake ikifika mwisho, na masikio yake yalikuwa yamezoea mahali inapokatika. Akasubiri filimbi ya kifua. Mtoto alivuta pumzi, akacheka, akaongeza tusi lingine refu kuliko la kwanza, akajiachia, akateremka.

Hadija aliweka begi chini. Alitafuta simu mkobani, akampigia mama mkwe.

"Shikamoo mama," alisema. "Yasmini haji tena." Akasikiliza. Mwanahawa alikuwa amegeuka, mkono mmoja umeshika ukingo wa pipa la buluu, na hakuthubutu kuinua uso.

"Hapana, mama," Hadija alisema, anacheka, anafuta macho kwa kiganja. "Haumwi. Anamtukana bibi yake."